Kutoka Karume Hadi Karume: Dakika Thelathini za Unguja na Pemba

Piga mstari ulionyooka kwenye ramani, kutoka kiwanja cha ndege cha Unguja pale Kiembe Samaki hadi kiwanja cha Pemba pale Wawi, mashariki ya mji wa Chake Chake. Utapata kilomita 125 hivi. Marubani watakwambia ni maili 67, maana maili yao ni ya baharini, ina mita 1,852. Tiketi nayo imeandikwa dakika 30. Na viwanja vyote viwili ni vya Karume. Cha Unguja kilipewa jina kamili la Abeid Amani Karume mwaka 2010, na cha Pemba, ingawa wenyewe wangali wanakiita Wawi, nacho hujulikana kwa jina hilohilo la rais wa kwanza wa Zanzibar. Unaondoka Karume, unashuka Karume.

Mimi zile dakika 30 ndizo zilizokuwa zikinisumbua. Ndege zinazofanya safari hii mara nyingi ni Cessna Caravan, zile za injini moja zenye bawa juu ya dirisha, na zikishatulia angani hukimbia kilomita 300 hivi kwa saa. Kilomita 125 kwa mwendo huo ni dakika 25. Na sisi tulikuwa tunasafiri Agosti, kusi limeshika, upepo unatoka nyuma kwa mtu anayekwenda Pemba. Ukiongeza msukumo wa kusi, hesabu inashuka hadi dakika 22 au 23. Sasa hizo nyingine zinakwenda wapi? Nilikuwa na saa mkononi na hamu ya kuzitafuta.

Shangazi yangu hakuwa na hamu hiyo. Yeye alikuwa na mikarafuu Mtambwe, upande wa Wete, na msimu ulikuwa umeanza. Mchumaji wake alishapiga simu kwamba karafuu imepevuka, na ikiachwa itachanua, na ikichanua haina thamani. Kwa miaka mingi alikuwa akienda na kurudi kwa meli, akikaa chini sitahani na chupa yake ya chai. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Tangu hapo shangazi hapandi chombo cha majini, hata kivuko. Amekuwa akienda kwa ndege kila msimu, na kila msimu huhitaji mtu wa kukaa naye pembeni. Zamu hii ilikuwa yangu.

"Baba," aliniuliza jioni kabla ya safari, "hiyo ndege ina mashine ngapi?"

"Moja, shangazi."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Akanywa chai kidogo. "Na boti?"

"Boti za kasi zina mbili na zaidi."

"Basi usiniambie tena."

Neno moja kwa wanaotafuta tiketi kwa simu: andika Pemba kwa uangalifu. Kuna Pemba nyingine, mji wa bandari kaskazini ya Msumbiji, na baadhi ya programu za tiketi hukuletea hiyo kwanza kwa kuwa ina kiwanja kikubwa zaidi. Kiwanja chetu kina herufi PMA, cha Msumbiji ni POL. Kutoka Unguja hadi kule ni kilomita 760 hivi kuelekea kusini, mara sita ya safari yetu na upande wa pili kabisa. Mpwa wangu aliyetukatia tiketi alishangaa kwa nini nauli imepanda kiasi kile, mpaka tulipotazama herufi.

Asubuhi tuliondoka nyumbani saa moja, kwa ndege ya saa tatu. Kutoka Mwembeladu hadi Kiembe Samaki si mbali, lakini shangazi hawezi kutoka nyumbani bila kuaga nyumba tatu za jirani, na kila nyumba ina salamu za kupeleka Wete. Salamu hazina uzito. Mzigo una uzito, na hapo ndipo safari ya ndege ndogo inapoanza kweli: kwenye mzani.

Ndege kama ile, pamoja na mafuta, watu na mizigo yao, haitakiwi kuzidi tani nne hivi inapopaa. Ndiyo maana mizigo huwekewa kikomo, kwetu kilo 15 kwa kila mtu, na ndiyo maana abiria naye hupimwa. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu zake.

"Bi mkubwa, shikamoo. Naomba unipandie mzani kidogo."

"Marahaba. Nipande mimi?"

"Ndiyo, bi mkubwa. Kila abiria."

Shangazi akavua viatu, akapanda, akashuka bila kutazama namba. "Haya. Mwaka huu mimi na karafuu tumepimwa sote."

Begi lake lilikuwa limezidi: doti za kanga kwa wakwe, sukari, tochi mbili, na makopo ya maziwa ya unga ambayo Wete yapo tele madukani, lakini ukimwambia hivyo anakuona huna mapenzi na watu. Tukahamishia makopo mawili kwenye mfuko wangu. Kijana akatazama pembeni kwa hisani.

Ndege ilikuwa imetulia nje, nyeupe, magurudumu yake matatu hayakunjwi, pangaboi moja puani. Tulitembea kwa miguu hadi kwenye ngazi. Nilimpa shangazi dirisha la kushoto, mimi nikakaa nyuma tu ya rubani, mahali ambapo unaona vioo vyake vyote bila kunyoosha shingo. Mbele yangu kulikuwa na ramani yenye mwanga, mstari wa zambarau umechorwa kutoka tulipo hadi Wawi, na namba mbili zinazobadilika: maili zilizobaki na dakika zilizobaki. Sikuweza kupata kiti bora zaidi kwa shughuli yangu.

Nikabonyeza saa pale pangaboi lilipoanza kuzunguka.

Dakika za kwanza zilipotea ardhini, hilo nililitegemea. Ndege inakwenda taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri ruhusa ya mnara, inasubiri ndege kubwa ya watalii itue na kuondoka njiani. Nilichokuwa sikukitegemea ni kilichofuata. Kiwanja cha Unguja kimelala kaskazini hadi kusini, na njia yake ina urefu wa kilomita tatu na kidogo. Ndege hupaa ikiukabili upepo, si ikiwa imeupa mgongo. Na kusi hutoka kusini. Kwa hiyo sisi tuliokuwa tunakwenda kaskazini mashariki tukaanza safari yetu kwa kukimbia kusini.

Tulipaa mapema sana, tumetumia kipande tu cha njia, na mara bahari ya Chukwani ikawa chini yetu. Shangazi akachungulia. Akanigusa bega.

"Baba, huyu anatupeleka Dar es Salaam."

Na kwa kweli pua ilikuwa imetazama huko. Kutoka Kiembe Samaki hadi kiwanja cha Dar es Salaam ni kilomita 73 tu, karibu moja kwa moja kusini, na rubani angeendelea vile kwa dakika kumi na tano tungekuwa tunaona Kigamboni. Lakini alikata kushoto taratibu, bawa likalala, tukazunguka juu ya mitende na mabati ya nyumba, mpaka mshale mdogo kwenye kioo ukaelekea kwenye mstari wa zambarau. Nilitazama saa. Dakika tatu zilikuwa zimekwenda tangu magurudumu yaachane na ardhi, na umbali wetu hadi Pemba ulikuwa uleule kama tulipokuwa kwenye kiti cha kusubiria. Hapo nikajua zile dakika zimeanza kuonekana.

Ukitaka kukijua kisiwa cha Unguja, kipite kwa urefu wa futi elfu tatu na kitu, asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya. Chini unaona alama za Dunga, ambako Mwinyi Mkuu alikuwa na kasri yake, halafu mashamba ya Uzini, minazi na miembe mikubwa ambayo kutoka juu inakuwa matone ya kijani iliyoiva. Kulia ghuba ya Chwaka imekauka nusu kwa maji kupwa, na mistari ya mashamba ya mwani imechorwa kwenye mchanga. Halafu Kiwengwa, na mabwawa ya kuogelea ya mahoteli ambayo yamewekwa mita chache kutoka baharini. Mzee mmoja aliyekaa upande wa pili wa njia, kofia ya viua imekaa sawa kichwani, aliyatazama yale mabwawa kwa muda, akatikisa kichwa, akarudi kwenye gazeti lake.

Pwani ya Kiwengwa ndiyo mwisho wa nchi kavu kwa anayefuata mstari huu. Nilikuwa nimepima nyumbani: kilomita 30 na ushei juu ya Unguja, kisha kama 65 za bahari, kisha chini ya 30 juu ya Pemba yenyewe. Maana yake karibu nusu ya safari ya kisiwa hadi kisiwa unaruka juu ya nchi kavu. Tulipovuka ufuo, kioo kiliandika maili 50 na dakika 17. Kusi lilikuwa linafanya kazi yake.

Kushoto kilionekana kisiwa cha Mnemba na duara la miamba yake, maji ya rangi ya feruzi ndani, buluu nje. Halafu buluu ikawa nzito, karibu nyeusi, ghafla. Unguja imekaa kwenye rafu ya bara, na bahari kati yake na Bagamoyo ni ya kina kifupi. Wataalamu wanasema wakati wa zama za barafu, maji yaliposhuka, mtu angeweza kutembea kutoka bara hadi Unguja. Pemba sivyo. Pemba imekatwa na bara na mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 700, na imekuwa kisiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba ina ndege wake ambao hawapo popote duniani, ninga wa Pemba na bundi wa Pemba miongoni mwao, na popo wake mkubwa anayekula matunda, yule anayelala Kidike akining'inia mtini mchana kutwa. Ramani za shule huvichora visiwa hivi viwili kama ndugu wa tumbo moja. Bahari chini yetu ilikuwa inasema vingine.

Mapovu meupe yalikuwa yametapakaa juu ya mawimbi. Jahazi moja, tanga limejaa, lilikuwa linakwenda njia yetu, na kwa muda mfupi kivuli cha bawa kililipita.

"Umeliona lile?" mzee wa kofia aliniuliza, gazeti sasa limekunjwa. "Sisi tulikuwa tunakwenda hivyo. Unatoka Malindi, bandarini pale Unguja, baada ya magharibi, kusi linakuchukua, asubuhi uko bandari ya Mkoani. Kwenda hakukuwa na tabu."

"Na kurudi, mzee?"

"Kurudi ndiyo kazi." Akacheka. "Kurudi unaweza kula mchele wote uliokuwa unaupeleka."

Nilimwambia hesabu zangu, akasikiliza kwa makini ya mtu aliyezoea kusikiliza vijana. Kisha akaniuliza swali lililonikaa: umeipima na Tanga?

Nilikuwa nimeipima. Kutoka kiwanja cha Tanga hadi Wawi ni kilomita 84. Yaani kwa mtu wa Chake Chake, Tanga iko karibu kuliko Unguja kwa kilomita 40. Na Mombasa? Kutoka Wawi hadi kiwanja cha Mombasa ni kama kilomita 137. Kumi na mbili tu zaidi ya safari tuliyokuwa tunaifanya. Mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia jua huchomoza mashariki. Ana dada Wasini, akasema, na binamu Kwale. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakienda upande ule kwa vizazi, wakifuata samaki na upepo, na wengi wakabaki. Watoto wao walizaliwa Kenya na wakaishi bila kitambulisho mpaka mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa raia wake. Hakuna ndege ya kila siku kati ya Wawi na Mombasa, wala hakuna mtu anayeitarajia. Ndege hufuata utawala, watu walifuata upepo. Ninasema hivi kwa sababu ratiba ya ndege inaweza kukudanganya ukadhani Pemba ni kiambatisho cha Unguja, kimewekwa mwisho wa mstari, na huko mbele hakuna kitu.

Shangazi muda wote huu alikuwa amefumba macho, tasbihi mkononi. Tulikuwa tunapita sambamba na mkondo wa Nungwi, ingawa kwa mbali. Njia ya meli iko magharibi yetu: zinatoka Malindi, zinapita nje ya Tumbatu na Nungwi, zinavuka hadi Mkoani. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Kwa maji, safari ile ni kama kilomita 107, fupi kuliko ya angani, kwa sababu Mkoani iko kusini ya Pemba na Wawi iko katikati. Boti ya kasi huimaliza kwa saa mbili na kitu. Meli kubwa ya mizigo na abiria huchukua usiku. Halafu kutoka Mkoani una kilomita 30 za barabara hadi Chake. Nauli ya ndege ni mara kadhaa ya ile ya boti, na hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini ndani ya ndege mnakuwa watu kumi na wawili na kwenye gati ya Malindi mnakuwa mamia. Ile nusu saa ina wenyewe.

Maili 15. Kioo kilipoonyesha hivyo, Pemba ilikuwa tayari chini ya pua.

Haikuja kama Unguja, kwa ufuo mrefu mweupe. Ilikuja kwa vipande: Kisiwa Panza, mikoko, hori linaloingia ndani na kujigawa, kisiwa kingine, mikoko tena. Huwezi kusema hapa bahari imekwisha. Halafu ardhi ikapanda, milima midogo na mabonde yaliyobanana, na kila mlima umefunikwa. Waarabu walikiita al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na mtu akikipita Agosti hawezi kubishana nao. Kushoto kwa mbali niliona gati ya Mkoani na boti imefunga. Mzee alikuwa sasa anatutajia vijiji: Kengeja ile, Mtambile hapa, Pujini mbele, kwenye magofu ya Mkama Ndume. Shangazi akafumbua macho.

"Mikarafuu," alisema, na hilo likatosha.

Unaijua kutoka juu kwa sababu imepangwa. Safu baada ya safu, vilele vyembamba vya kijani, inashuka mabondeni na kupanda tena. Karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka huku. Unguja ilipoteza mikarafuu yake mingi katika kimbunga cha mwaka 1872, na Pemba, ambayo kimbunga kile hakikuiumiza vile, ikashika usukani na haijauachia.

Nilitarajia tushuke moja kwa moja. Kiwanja kilikuwa mbele yetu, ukanda wa lami wa kilomita moja na nusu katikati ya mashamba, umelala kutoka kusini magharibi hadi kaskazini mashariki, yaani umelala karibu sawasawa na mstari wetu wa zambarau. Ungeweza kusema waliujenga kwa ajili ya wanaotoka Unguja. Lakini tuliupita. Rubani aliacha kiwanja kiende nyuma upande wa kushoto, tukaona jengo dogo la abiria, gari mbili tatu, watu wameinua mikono juu ya macho. Tukaendelea kaskazini.

"Na huyu sasa?" shangazi akauliza. "Anatupeleka Micheweni?"

Sababu ilikuwa ileile ya asubuhi. Ndege hutua pia ikiukabili upepo. Kusi lililotusukuma tangu Kiwengwa ndilo lililotukatalia kutua tukiwa nalo mgongoni, hasa kwenye njia fupi. Ikabidi tukipite kiwanja, tugeuke mzima mzima, turudi tulikotoka, na tutue tukiwa tumeitazama Unguja. Tulipaa tukiwa tumeipa Pemba kisogo, na tukatua hivyohivyo.

Magurudumu yaligusa lami kwa dakika ya 27 tangu kupaa. Ukihesabu kutoka pangaboi kuanza hadi kusimama, dakika 33. Kumbe zile dakika nilizokuwa nazitafuta hazikupotea baharini kabisa. Juu ya bahari tulikwenda kwa kasi kuliko hesabu ya tiketi. Zilitumika kwenye mizunguko miwili, mmoja Chukwani na mmoja nyuma ya Wawi, na kwenye kujikokota ardhini.

Nilimweleza shangazi haya tukisubiri begi. Akasema sawa baba, mwambie mpwa wako alete gari karibu, makopo yanapata jua.

Tulifika shambani saa tano na nusu. Kutoka mlango wa Mwembeladu hadi kivuli cha mkarafuu wa kwanza ilikuwa saa nne na nusu, na katika hizo ndege ilikuwa angani kwa chini ya nusu saa. Barabara ya Chake hadi Wete ni ya kupanda na kushuka, na msimu ule upande wake mmoja hauwi barabara tena: watu wameutandika majamvi na karafuu imeanikwa, nyingine bado nyekundu na kijani, nyingine imeshakuwa kahawia. Dereva anakwenda kwa heshima, hakuna anayetaka kukanyaga pesa ya mtu. Harufu inaingia ndani ya gari hata ukifunga vioo. Mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kulinda jamvi lisiingiliwe na kuku, na alikuwa ameichukulia kazi hiyo kwa uzito mkubwa.

Shangazi alishuka kwenye gari mtu mwingine. Yule aliyefumba macho juu ya bahari alibaki Wawi. Huyu alivua buibui, akafunga kanga kiunoni, akamwita mchumaji wake, akataka kuona pishi, maana wachumaji hulipwa kwa pishi na pishi zina tabia ya kukua na kupungua kulingana na nani ameishika. Wakabishana robo saa kwa furaha. Jioni, baada ya kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, alikaa barazani akaniambia nirudi Unguja, yeye atabaki hadi karafuu ikauke na ipelekwe kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na kwamba sikuwa na faida yoyote shambani.

Kwa hiyo kurudi nilirudi peke yangu, na nilirudi na swali la mzee wa jahazi. Kurudi ndiyo kazi, alisema. Kusi lilikuwa bado linavuma, safari hii limetukabili usoni, na kwa hesabu ya kawaida ndege inayokwenda maili 160 kwa saa ikikutana na upepo wa maili 20 inabakiwa na 140. Maili 67 kwa mwendo huo ni karibu dakika 29. Nilikaa tayari kwa safari ndefu.

Tulipaa Wawi tukiukabili upepo, na kuukabili upepo pale ndiyo kuelekea Unguja. Hakukuwa na kugeuka. Pua ilikuwa kwenye mstari wa zambarau kabla hatujafika juu ya Pujini. Juu ya bahari tulikwenda polepole kweli, na ndege ilikuwa inaruka ruka. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alishika kiti cha rubani kwa mikono miwili na rubani akamwachia tu. Mnemba ilichukua muda kupita dirishani. Lakini tulipofika juu ya Unguja hatukuzunguka pia. Kusi linatoka kusini, kiwanja kinatazama kusini, nasi tulikuwa tunatoka kaskazini: tulishuka juu ya minazi moja kwa moja hadi kwenye lami. Dakika 29 hewani, 32 kwa jumla.

Kwenda 33, kurudi 32. Walioandika 30 kwenye tiketi bila kusema ni msimu gani wala upande gani wanajua wanachofanya. Kusi linakupa dakika juu ya bahari na kukudai palepale kiwanjani. Kaskazi likishika, Desemba, mambo hugeuka: wa kwenda Pemba ndiye anayepaa na kutua moja kwa moja, na wa kurudi ndiye anayezungushwa. Wale wa Orkney, kule Scotland, ambao ndege yao kutoka Westray hadi Papa Westray imepangiwa dakika mbili tu kwa umbali usiofika kilomita tatu, nadhani wao hawana nafasi ya kuyafikiri haya. Kabla hujafunga mkanda vizuri unaambiwa uufungue.

Nilipotoka nje ya kiwanja simu ililia.

"Umefika, baba?"

"Nimefika, shangazi. Alhamdulillahi."

"Zilikuwa dakika ngapi?"

Nikafurahi kwamba ameuliza. Nikamwambia 29 hewani, na kwamba kuja zilikuwa 27, kwa ajili ya ule mzunguko wa Chukwani na ule wa Wawi, na kwamba bila mizunguko ile tungekuja kwa 22.

"Kwa hiyo kusi lote lile," alisema, "faida yake ni dakika mbili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Sasa sikiliza. Magunia hayatoshi. Nitafutie ishirini pale Darajani, mapya, yasiwe yamebeba chumvi. Na usithubutu kuyaleta kwa ndege, wasije wakayapima na wewe pia."

Magunia nilimpelekea kwa boti siku iliyofuata. Jioni alikuwa nayo Mtambwe.